Uzi Mwekundu wa Oje

Sifawu alimpa mwanawe Mufutau sharti moja tu alipomtuma Ibadan kununua nyuzi. Anunue soko la Gbagi, kisha arudi nyumbani Iseyin. "Mtaa wa Oje usikanyage," alimwambia. "Wala usiniulize kwa nini."

Hakuuliza. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na mji ule alikuwa akiuota tangu utotoni. Ulimpokea kwa makelele. Mabati yenye kutu yalitanda kilima baada ya kilima. Adhana na mahubiri vilishindana katika vipaza sauti. Harufu ya akara, bajia za kunde, zikikaangwa kwa mawese ilimfuata kila kona. Mpiga debe mmoja alimwona amekodoa macho, akamcheka. "We wa Iseyin, funga mdomo, basi litapita humo." Mufutau naye akacheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka kwa moyo mweupe.

Jua lilikuwa likielekea kuzama alipoiona nguo ile, imetundikwa kwenye kibanda cha Gbagi. Milia ya buluu, na pembeni uzi mmoja mwekundu, uliokatizwa kila baada ya shubiri moja. Katika Iseyin nzima ni mtu mmoja tu aliyefuma hivyo: Lasisi, baba yake. Na Lasisi alikuwa na miaka mitatu tangu azikwe, kwa desturi ya kwao, chini ya sakafu ya chumba chake mwenyewe. Mufutau alimshika miguu siku ya kumshusha kaburini. Nguo yake ya mwisho ilibaki kwenye kitanda cha kufumia, imekomea katikati ya pambo, na Sifawu hakumruhusu mtu kuimaliza wala kuikata.

Nguo ya Gbagi ilianza na nusu ya pili ya pambo lile.

Muuzaji alimweleza kuwa imefumwa na Baba Abeke wa Oje, fundi mpole aliyehamia mjini miaka mitatu nyuma. Kasoro yake moja, alisema, hataki kuonana na watu wa Iseyin.

Katika chuo cha Kurani, Mufutau alifundishwa kwamba kati ya wafu na dunia pana kizuizi, barzakhi, na avukaye harudi. Lakini wazee wa kwao walisimulia pia habari za wafu wasiotulia, wanaokwenda kuishi mji wa mbali kwa jina jingine, wakaoa, wakazaa, mpaka siku atakapotokea mtu wa nyumbani awaite kwa jina lao la sifa, lile walilopewa utotoni. Hapo huondoka, wala hawaonekani tena mji wowote. Daima alizicheka habari hizo.

Alikwenda Oje.

Kichochoro kilinuka udongo uliotoka kumwagiwa maji.

Tak... tak... tak...

Mwanamume alikaa kwenye kitanda cha kufumia, amenenepa, sikio la kushoto lina pengo lile lile la Lasisi. Mtoto wa kike alikuwa mapajani pake, na mwanamume alikuwa akimchekea. Mufutau aliikumbuka mikono ya mama yake, iliyochubuka kwa kufua nguo za watu. Aliyakumbuka masomo aliyoyaacha. Hofu yote ikamtoka. Ikabaki ghadhabu, kavu kama jivu.

"Nenda zako, Mufu," mwanamume alinong'ona bila kugeuka. "Usilitaje jina langu. Mtoto ananitazama."

"Mama anakula mara moja kwa siku."

"Najua. Niache nimlee huyu."

"Na sisi, baba? Sisi ulituachia nani?"

Mtoto alimnyoshea Mufutau kidole, akatabasamu. Angeweza kugeuka, akaondoka. Nafasi alikuwa nayo.

"Ajagbe," akasema.

Tak...

Mtoto aliteleza, akabaki ameketi peke yake juu ya kiti. Kamba za kitanda zilikuwa zingali zikicheza. Mwanamke, Muniratu, alitokea jikoni na bakuli la amala, ugali wa viazi vikuu, akauliza mume wake kaenda wapi. Mufutau alikimbia.

Alipofika Iseyin, nguo ya marehemu ilikuwa imekwisha kufumwa, imekatwa, imekunjwa vizuri. Sifawu alikuwa ameketi kando yake.

"Nimeikuta hivi asubuhi. Ulikwenda Oje," alisema.

Akamweleza kwamba wachuuzi walimletea habari za fundi wa Oje tangu mwaka wa kwanza. Naye alikasirika, mwaka mzima, hata kuomba dua kulimshinda. Kisha akaona ni heri mumewe awe hai mahali fulani kuliko asiwepo kabisa.

"Hasira ile niliimeza mimi, mjane wake," alisema. "Wewe ni nani ushindwe kuimeza?"

Siku ya saba, Muniratu aliwasili Iseyin na ile nguo ya Gbagi, aliyoichukua kwa muuzaji, akiuliza nyumba hadi nyumba ni nani anayefuma hivi. Sifawu alimpokea, akampa maji na mkeka. Mgeni alilia kwamba mumewe amepotea, na kwamba mtoto wake Abeke, ambaye hajaanza bado kusema, tangu siku ile halali.

Wakati wakizungumza, mtoto alishuka mgongoni mwa mama yake. Alikwenda moja kwa moja hadi chumba ambacho hakuna aliyemwonyesha, akalala kifudifudi, sikio juu ya sakafu. Akasikiliza. Akacheka. Akaitikia kwa kichwa, kama anayekubali kutumwa.

Kisha akamgeukia Mufutau aliyesimama mlangoni.

"Akanni," alisema, waziwazi.

Lilikuwa jina la sifa la Mufutau. Baba yake peke yake ndiye aliyekuwa akimwita hivyo.

Sifawu aliudaka mkono wa mwanawe, akaukaza mpaka ukauma.

"Usiitike," alinong'ona. "Aitikaye wito wa mfu humfuata."

Harufu ya udongo uliomwagiwa maji ilijaa chumbani. Na chini ya sakafu, taratibu, bila haraka...

Tak... tak... tak...