Nguzo Zilizomwagiliwa Maji

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Jumamosi ya pili ya mwezi Juni, Mwajabu aligundua kwamba nguzo namba nne ya njia ya matembezi haipo mahali pake. Shimo lake lilikuwa limefukiwa na kusawazishwa vizuri. Lile jiwe jeupe lililoonekana kando ya nguzo kwenye picha aliyotumiwa na fundi lilikuwa limebaki peke yake.

Mwajabu ndiye ofisa misitu aliyekabidhiwa Msitu wa Chilulu, msitu wa umma ulioko nje kidogo ya Haneti, na njia hiyo aliipenda kama mtoto wa kumzaa. Aliichora mwenyewe ofisini juu ya picha ya setilaiti, kwa rula na penseli nyekundu. Fundi alisimika nguzo kumi na mbili za mbao zenye mishale siku ya Jumatano, akamtumia picha zake kwa simu moja baada ya nyingine. Saruji ya kuzishikilia ilikuwa bado haijafika, lakini nani angehangaika na nguzo? Saa tatu asubuhi hiyo watumishi mia moja na ishirini walitarajiwa kutoka Dodoma mjini, wamevaa fulana mpya, kuja kuizindua njia kwa miguu.

Nguzo aliikuta mita mia tatu mkono wa kushoto, imesimama wima, mshale wake ukielekea korongoni. Namba tano nayo imehama, na sita, hadi namba kumi. Hakuna iliyovunjwa. Mtu amezing'oa nguzo saba, akazibeba na kuzisimika upya, na njia yake mpya ilikuwa ikitokea nyuma ya kibanda cha chai cha Zaitun.

Mwajabu alichuchumaa. Kuzunguka nguzo, udongo ulikuwa umechongwa kama kisahani: ukingo wa chini umeinuliwa, upande wa juu wa mteremko umeachwa wazi. Akaugusa. Ulikuwa na unyevu. Akazikagua zote saba, na zote zilikuwa na kisahani na unyevu vilevile. Mvua ya mwisho Chilulu ilinyesha mwezi wa nne, tena kwa kujilazimisha.

Getini alimkuta mlinzi, mzee Matonya, akiota jua mbele ya kitalu cha miche.

"Shikamoo, mzee Matonya."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekukunjamana na jua ndiyo kwanza linachomoza?"

Akamweleza. Mzee akavua kofia, akaitazama ndani kama aliyedondosha jibu humo.

"Jana ulikuwa hapa muda wote?"

"Saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Geti ni hili moja, na chakula changu nilikula nimelitazama."

"Kuna mgeni yeyote aliyeingia?"

"Mgeni hata mmoja."

"Na nguzo zimemwagiliwa maji, mzee."

"Labda aliyezihamisha alitaka zichipue," alisema Matonya, na licha ya balaa lililokuwa mbele yao, wote wawili wakacheka.

Gaudence, mtunza kitalu, alitokea nyuma ya miche ya migunga akiwa na keni ya kumwagilia. Ana miaka kumi na mmoja ya kazi hapo, na maneno yake huyatoa kwa kijiko.

"Na wewe, kaka Gaudence, hukuona mgeni?"

"Jana mimi nilishinda na jembe langu, dada. Mgeni sikumwona."

Saa moja na nusu gari la ofisi lilifika, akashuka Fredy, mkuu wa kitengo, mtu mwema ambaye wema wake huwa unaenda likizo siku za sherehe. Alisikiliza habari yote amesimama, kisha akatoa karatasi mfukoni mwa shati.

"Hii ni fomu ya kumwongezea mzee Matonya mkataba. Nilikuja kuisaini leo. Sasa niambie, Mwajabu, namwongezaje mkataba mlinzi aliyelinda geti huku msitu unahamishwa?"

"Bosi, nipe muda."

"Wageni wanafika saa tatu. Kabla hawajashuka kwenye basi, nipate jina la aliyefanya hivi. Nisipolipata, mzee anavua sare leoleo."

Matonya alianza kufuta vumbi kwenye vifungo vya sare yake kimoja kimoja. Mzee alikuwa na miaka sitini na mmoja na mjukuu wa kidato cha pili Kongwa aliyemtegemea yeye peke yake. Nani mwingine angemwajiri?

Saa mbili kasoro kumi Mwajabu alikuwa kwa Zaitun. Alimkuta amezungukwa na chapati, amezipanga kwenye ndoo nne.

"Karibu, dada. Chai ya tangawizi au ya maziwa?"

"Ya maelezo. Chapati zote hizi za nani?"

"Za wageni wako. Wewe mwenyewe ulisema wako mia na ishirini."

"Njia yangu haipiti hapa, Zaitun. Inapanda mlimani na kurudi getini kwa upande wa pili. Lakini tangu jana imehama, na sasa inatokea hapa, mgongoni kwako. Nani mwingine anafaidika?"

Zaitun aliacha kusukuma chapati. "Inatokea hapa? Hapa kwangu?"

"Kwako."

"Basi Khalidi ananila bure, jamani. Nimemkodi na pikipiki yake anipandishe mlimani na ndoo hizi saa tatu, niwauzie wakiwa wamechoka. Tumepatana juzi, na nusu nimeshamlipa. Kama ningejua wageni watanifuata wenyewe, ningekodi pikipiki ya nini?"

Mpishi aliyehamisha njia ili imletee wateja hawezi tena kulipia usafiri wa kuwafuata kule ambako hawatakuwepo. Mwajabu akanywa chai ya maziwa, kwa sababu ilikuwa imeshamiminwa.

Khalidi mwenyewe alifika saa mbili na dakika tano, pikipiki ikikohoa. Kijiji kizima kinajua kwamba hubeba mkaa, na kwamba mkaa huo hauna kibali. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu, kama ule wa korongoni.

"Mdogo wangu, jana mchana ulikuwa wapi?"

"Msikitini, dada. Ilikuwa Ijumaa."

"Na baada ya msikiti?"

Khalidi akaangalia pembeni. "Nilikuwa nazunguka."

"Korongoni?"

"Dada, si mimi niliyehamisha nguzo."

"Sijakwambia habari ya nguzo."

"Nimeziona leo asubuhi na mapema," alisema Khalidi kwa sauti ya mtu aliyenaswa mguu mmoja na kuamua kuingiza na wa pili. "Twende nikuonyeshe, halafu utaniambia kama mtu mwenye akili angezipeleka pale."

Wakaenda. Hatua sita kutoka nguzo namba nane, chini ya matawi makavu, yalikuwepo magunia tisa ya mkaa. Mshale wa namba nane uliyalenga barabara. Watumishi mia na ishirini, wawili kati yao wa idara ya misitu, wangeyapita karibu kiasi cha kuyakalia.

"Nilikuja kuyahamisha," alisema Khalidi kwa unyonge. "Nilipowaona mko getini nikashindwa."

"Magunia haya tutayazungumza Jumatatu, wewe na mimi na sheria. Lakini nguzo kweli si wewe."

Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini na tano. Wenye sababu wameisha, na Fredy ameshapiga simu mara mbili. Mwajabu alirudi kwenye nguzo namba nane, akakitazama tena kile kisahani. Kuzihamisha nguzo saba kunaweza kuwa na sababu mia. Lakini kuzimwagilia maji? Nguzo hainywi. Hakuna sababu yoyote duniani ya kumwagilia mti uliokwisha kurandwa na seremala.

Labda basi hapakuwa na sababu. Labda mkono ulifanya wenyewe, bila kumuuliza mwenyewe.

Alipoliona hilo alitamani awe amekosea, kwa kuwa alimpenda mtu huyo.

Saa mbili na nusu aliwakusanya wote getini, akamwomba Fredy avumilie dakika kumi. Alikuwa amerudi na nguzo tatu begani mwa Khalidi. Ardhi pale ina mteremko kidogo kuelekea barabarani.

"Khalidi, mzee Matonya, kaka Gaudence, nataka kila mmoja wenu anisimikie nguzo moja. Jembe hili hapa, mchanga huo hapo, maji yako kwenye keni. Nitawaambia baadaye ni kwa nini."

"Huu ni mchezo?" aliuliza Fredy.

"Ni ushahidi, bosi."

Khalidi alichimba kwa hasira, akaingiza nguzo, akalundika udongo mpaka ukawa kichuguu, akaupiga mateke. Mzee Matonya alishindilia mawe kwa kitako cha rungu, taratibu, kama anayejenga nyumba ya kuhamia. Kisha jembe likafika kwa Gaudence.

Gaudence alichimba shimo la kiasi. Alisimamisha nguzo, akafukia, akashindilia kwa kisigino. Hadi hapo hakukuwa na la ajabu. Halafu akapiga magoti, na kiganja chake kikaanza kuzunguka shina la nguzo. Kikavuta udongo, kikainua ukingo wa chini, kikaacha wazi upande wa juu ili maji ya mvua yaingie, kama anavyofanya mtu wa Dodoma anayejua kwamba mvua ikija haiji mara mbili. Mkono wa kushoto, bila kutazama, ukainyakua keni.

Maji yalikuwa yameshaanza kumwagika alipotambua kwamba wote wanamtazama. Akaitazama nguzo, akaitazama keni.

"Ee," alisema.

Zaitun ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko chake kikawachukua wote, hata Fredy ambaye hakutaka. Gaudence naye alitabasamu kwa aibu, bado amepiga magoti.

"Miche elfu arobaini kwa miaka kumi na mmoja," alisema Mwajabu. "Huwezi kufukia kitu chochote bila kukinywesha, kaka Gaudence. Nguzo zote saba umezitengenezea kisahani."

"Mzee Matonya," aliuliza Fredy, "kwa nini hukusema ulimwona?"

"Niliulizwa mgeni," alijibu Matonya. "Gaudence hupita hapa na jembe kila siku ya Mungu. Huyo ni mgeni wa nani?"

Fredy akamgeukia mtunza kitalu, na kicheko kikamwisha. "Umehamisha mali ya umma, Gaudence. Kwa nini?"

Gaudence alisimama, akajipangusa magoti. Maneno aliyokuwa akiyatoa kwa kijiko siku zote yakamtoka yote.

"Kwa sababu ya visiki, bosi. Pale njia ilipochorwa kuna visiki vya miti iliyokatwa zamani, na mizizi yake bado ni mizima. Miaka minne nimekuwa nikivipogolea. Kila kisiki nakichagulia chipukizi moja lenye nguvu na kulifunga kitambaa chekundu, asilikanyage mtu. Viko mia nne na kumi na sita. Kutoka angani havionekani, vimefika magotini tu. Watu mia na ishirini wakipita leo, na wengine kila Jumamosi, vitaisha. Kule kushoto ni udongo mtupu na changarawe, hakuna cha kuua."

"Kwa nini hukutoa taarifa?"

"Nilitoa. Niliandika barua tarehe kumi na moja mwezi wa tatu." Akachomoa nakala iliyokunjwa ndani ya kofia. "Hii imegongwa muhuri wa kupokelewa, na imesainiwa."

Fredy aliisoma yote. Alipofika kwenye saini aliinua macho, akamtazama Mwajabu, akampa karatasi.

Saini ilikuwa ya Mwajabu. Hata siku ile aliikumbuka. Kila barua kutoka kitaluni huwa inaomba viriba vya kuoteshea miche, na viriba havikuwepo. Kwa hiyo aligonga muhuri, akasaini, akaiingiza barua kwenye faili la viriba bila kuisoma. Wiki iliyofuata akachukua rula na penseli nyekundu.

"Nyani haoni kundule," alisema Zaitun kwa upole, akijisemea.

Mwajabu alijisikia uso unawaka moto. Honi ya basi ikasikika barabarani. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika nane. Angeweza kusema barua ilipotea. Angeweza kunyamaza, kwa kuwa bosi alitaka jina na jina lilikuwa limepatikana. Akamtazama mzee Matonya, aliyekuwa bado ameshika kifungo cha mwisho cha sare.

"Bosi, andika jina langu," alisema. "Nguzo amehamisha Gaudence, lakini aliyeichora njia juu ya miti hai bila kuikanyaga ni mimi, na barua ya kunionya nililala nayo miezi mitatu. Mlinzi hana kosa hata chembe."

Fredy alikuna kidevu. Basi lilikuwa linaingia na fulana zake.

"Gaudence, wewe una barua ya onyo. Pia ndiye utakayewaongoza wageni, kwenye njia yako hiyohiyo, na uwaeleze visiki ni nini. Mwajabu, wewe utachora ramani upya, na safari hii kwa miguu. Mzee, geuka."

Matonya aligeuka, na Fredy akaiweka fomu mgongoni mwake, akaisaini. Mzee alibaki ameinama muda mrefu kuliko kalamu ilivyohitaji. Alipojiinua, macho yalikuwa mekundu, akasingizia vumbi.

Wageni wakashuka, wakapangwa, wakaondoka nyuma ya Gaudence. Kabla hajapotea, Mwajabu alimkimbilia.

"Kaka, ungenijia tu ukaniambia kwa mdomo. Tunaonana kila siku."

Gaudence alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Nilikuja, dada. Uliniambia niandike barua."

Akaendelea na safari yake. Mwajabu alisimama hapo mpaka sauti za watu zikapotelea korongoni. Kisha alivua viatu vyake vya ofisini, akavishika mkononi, akaingia mkono wa kulia peke yake, polepole, akitafuta pa kuweka mguu kati ya vitambaa vyekundu.