Faneli Iliyosuguliwa kwa Mchanga

Kila jioni baada ya shule, Nasimiyu alifagia ua, akaosha vyombo, kisha akaosha faneli ya baba yake. Makokha, baba yake, alikuwa fundi wa reli mjini Nakuru, na saa za jioni alitengeneza pikipiki za watu nyumbani kwao Bondeni. Faneli ile ya kumiminia mafuta ya injini ilikuwa na sheria yake: ioshwe kwa mafuta ya taa, ipanguswe kwa kitambaa safi, ifungwe ndani ya gazeti.

Jioni moja ya kiangazi, mwaka wa 1957, Nasimiyu alikuwa akisugua masufuria kwa mchanga na majivu. Wenzake walikuwa nje wakiruka kamba na kumwita. Mafuta ya taa yalikuwa ndani, na harufu yake haitoki mikononi upesi. Akaichanganya faneli na masufuria, akaisugua mpaka ikang'aa kama kioo.

"Umeiosha kwa mafuta ya taa?" baba yake aliuliza.

"Ndiyo, Baba."

Asubuhi yake Makokha aliitumia kutia mafuta katika pikipiki ya Dresa Kosgei, aliyetibu wagonjwa katika zahanati ya misheni ng'ambo ya Molo. Kila wiki Kosgei alikuja Nakuru kuchukua dawa.

Wiki tatu baadaye, pikipiki ilirudi juu ya lori la viazi. Kosgei aliruka chini kabla lori halijasimama.

"Makokha, umenimaliza! Nimetembea maili saba katika baridi ya Molo, sanduku la dawa kichwani!"

Makokha aliifungua injini. Ndani yake mna kemshafti, ufito wa chuma unaozunguka na kufungua vali. Ncha zake hukaa ndani ya bushi, yaani vipete vya shaba. Bushi hizo alikuwa amezitia mpya mwaka uleule. Sasa zilikuwa zimelika kama sabuni ya wiki nzima.

Ogola, fundi wa mtaa wa nyuma, alikuja kuchungulia bila kuitwa. "Nilisema mimi! Bushi ni mambo ya kale. Tupanue matundu kwa keekee ya kutobolea chuma, tutie beringi za gololi."

"Bushi za kiwandani zinatosha," Makokha alijibu, "mradi mafuta yawe safi. Ukishapanua tundu, hulirudishi. Na beringi hizo zitangojwa mwezi mzima kutoka Nairobi. Wagonjwa nao watangoja?"

"Mafuta yako yalikuwa safi?" Kosgei alimkazia macho.

"Safi kabisa."

"Basi shaba imelikaje? Wewe ni mwongo, fundi! Jumamosi Ogola ataipanua."

Habari zilifika shuleni kabla ya Nasimiyu. Owino, mtoto wa Ogola, alimngoja langoni. "Baba yako hutia bushi za ugali! Zikiloa tu, uji!"

Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu. Nasimiyu aliwaka hasira. "Baba yangu hajamdanganya mtu! Mwombe radhi!"

"Kama si yeye, ni nani?"

Nasimiyu aligeuka, akaingia darasani.

Jioni alimkuta baba yake akipapasa bushi iliyokufa. Kwenye kidole gumba kulikuwa na chembe moja inayometameta. "Mchanga," Makokha alisema, kana kwamba anajisemea. "Sijui umetoka wapi."

Zamu ya kuombea chakula ilikuwa ya Nasimiyu. Aliomba vizuri mpaka alipofika "utusamehe." Hapo akakatiza, na mama yake akaimalizia sala.

Hasira yake sasa haikuwa tena kwa Owino. Alijichukia. Mtu mwaminifu anaitwa mwongo mtaa mzima, na mwongo mwenyewe anakula ugali mezani pake!

Jumamosi, injini ilikuwa imebanwa mezani kwa Ogola, naye ameshika keekee. Kosgei alisimama kando, na Makokha mlangoni. Nasimiyu alipenya katikati yao.

"Ngoja, mzee! Usitoboe! Ni mimi. Faneli niliisugua kwa mchanga. Nilimwambia Baba uongo."

Makokha alimgeukia. "Siku zote hizi umeniacha nitukanwe?"

"Ndiyo, Baba. Nisamehe."

Ogola alipitisha kidole ndani ya injini, akaona chembe zikimetameta, akaiweka keekee chini. "Kama ni mchanga," alisema polepole, "hata gololi zangu zisingefika Molo. Makokha, chukua kazi yako."

Kosgei alivua kofia. "Ndugu yangu, nimekutukana bure mbele za watu. Nitalisafisha jina lako mbele za watu walewale."

Mchana ule Makokha aliosha kila njia ya mafuta, akatia bushi mpya, sawasawa na zile za kwanza. Nasimiyu aliosha faneli mbele ya wote, na mikono yake ikanuka mafuta ya taa mpaka kanisani kesho yake.

Kabla ya kuondoka, Kosgei alimwita Nasimiyu. Bado alikuwa na ukali usoni.

"Mimi hudunga watu sindano. Nikisema nimeichemsha, na nimeipangusa tu, nani atajua? Mimi na Mungu. Kisha mkono wa mtoto wa watu utavimba, naye hajui kosa lake. Kazi ambayo hakuna anayekutazama, hiyo ndiyo uifanye kwa kweli. Na ukikosea, sema siku ileile, kabla mwingine hajabeba mzigo wako. Umesikia?"

"Nimesikia, Bwana Dresa."

Kosgei alipiga teke la kuwasha, pikipiki ikaitika mara moja. Langoni kwa Makokha, Owino alikuwa amesimama, kichwa chini, amekuja kumwomba radhi.