Time wa Miaka Mia Sita

Siku moja Time alikuwa uani kwao Ole, akianika karafuu na mama yake, Bi Mwanakhamis. Alikuwa amemaliza skuli. Bi Tamima, mkunga wa serikali, akija kijijini, Time humfuata nyumba kwa nyumba na kumsaidia. Sasa alitaka kusomea ukunga Unguja. Ombi lake alikwisha kulipeleka.

"Kwani kwenye ombi lako uliandika umezaliwa lini?" mama aliuliza.

"Kama alivyoandika baba kwenye msahafu. Mwezi wa Mfunguo Sita, mwaka elfu moja mia tatu arubaini na tano."

Mara Time akaacha karafuu. Huo ni mwaka wa Kiislamu. Unguja ofisini wanahesabu miladi, mwaka wa Kizungu, na kwao ilikuwa 1945!

Mjomba wake, Mzee Nyange, aliyekuwa amekaa papo hapo uani, alicheka mpaka akakohoa. "Basi kwa hesabu yao una miaka mia sita! Kaa kimya, mwanangu. Serikali haisumbuliwi mara mbili."

Time aliogopa ombi lake litatupwa. Nafasi zilikuwa chache, na yeye hakutaka kazi nyengine duniani. Lakini kicheko kile kilimkera.

"Sikai kimya, mjomba. Wacha wacheke. Mwaka wetu si wa uongo."

Akaenda kwa Bi Tamima, akamweleza yote. "Tena, Bi Tamima, nlitia na doa la wino."

"Doa liache," alisema Bi Tamima. "Doa halibadilishi maneno. Umri ndio wa kusahihisha."

"Niandike ombi jipya?"

"Hasha! Watadhani ni watu wawili. Andika barua moja fupi. Taja jina lako, na siku uliyopeleka ombi. Sema kilichokosewa, kisha sema kilicho sahihi. Kwa miladi umezaliwa 1926. Basi. Usijililie mle ndani."

Time aliandika, akaipeleka barua mwenyewe posta ya Chake Chake. Mzee Nyange alinung'unika siku ile nzima.

Baadaye Time aliitwa Unguja kuulizwa maswali. Bwana mmoja aliinua ombi lake.

"Ndiye wewe bibi kizee wa miaka mia sita?"

Watu wakacheka. Time alimtazama usoni.

"Ndiye mimi, bwana. Mwaka ule ni wetu, na ni wa kweli. Nyinyi mlitaka wenu, nami nimeuleta. Barua yangu mnayo."

Bwana alipekua karatasi. Barua ilikuwapo. Akaisoma, akaacha kucheka, akaanza kumwuliza habari za uzazi. Time alijibu yote. Akapata nafasi.

Alirudi Ole akiwa mkunga kamili. Mtoto wa mwanzo kumpokea alikuwa mjukuu wa Mzee Nyange. Mzee alileta msahafu wake, akamwomba aandike siku ya kuzaliwa. Time aliandika mwaka wetu kwanza. Chini yake akaandika miladi.

"Haya, mjomba," alisema. "Huyu hatachekwa na mtu."