Wa Juu Amfunike wa Chini

"Mama! Kaka! Nina habari!"

Redio alianza kupiga kelele kabla hata hajafika mlangoni. Nyumbani walimwita Redio, maana tangu ajue kusema hakuna aliyewahi kumzima. Sasa alisoma chuo, na leo alirudi likizo.

Hakuna aliyeitika. Alimkuta Mama chumbani akipangusa ukuta, Kaka kando yake. Sakafuni kulikuwa na beseni la kukinga maji ya paa. To! To! To!

Habari zote zikamkauka mdomoni. Ukuta ule! Marehemu Baba aliwapima hapo kila mwaka, akachora mstari kwa penseli. Huu wa Kaka, huu wa Redio. Sasa maji yaliteremka juu ya mistari. Mmoja ulikuwa umeshafutika.

"Mvua mbili zaidi tu, mwanangu," Mama alisema. "Hakitabaki kitu."

"Lakini niliziba!" Kaka alisema. "Kigae kilipasuka, nikapigilia kingine juu yake."

"Uliziba au ulifungulia bomba?" Redio aliuliza.

Akatoka mbio kumwita Bi Nyundo, jirani yao. Bi Nyundo ni fundi wa paa. Kazi alifundishwa na Baba, na wawili hao ndio walioezeka nyumba ile kwa vigae vya mbao.

Bi Nyundo hakupanda siku hiyo. "Paa likilowa ni utelezi mtupu. Nisije nikashuka bila ngazi!"

Kesho yake jua liliwaka. Kaka akashika ngazi, Bi Nyundo akapanda. Akashuka na kigae mkononi, anacheka.

"Nani kapigilia hiki?"

Kaka akatazama viatu vyake.

Bi Nyundo akaegemeza ubao ukutani, akapanga vigae vitatu juu yake. "Wewe ulifanya hivi. Kigae chako kimekaa juu ya kile cha safu ya juu. Redio, mwaga maji."

Redio akamwaga kikombe. Maji yaliteremka, yakagonga ukingo wa kigae, yakaingia chini yake.

"Ewaa! Halafu yanatembea kwenye mbao za ndani, yanadondokea mbali. Ndiyo maana tundu halipo juu ya beseni. Sasa tazameni." Akapanga upya. "Tunaanza chini, tunapanda juu. Kila safu inalala juu ya ile ya chini yake. Baba yenu alikuwa akisema..."

"Wa juu amfunike wa chini!" Redio na Kaka walisema pamoja.

Wakatazamana. Zamani walilala kitanda cha ghorofa, Kaka juu, Redio chini. Kila jioni Baba alichungulia mlangoni na kusema maneno hayo. Kaka alishuka, akamfunika mdogo wake blanketi, akapanda tena. Miaka yote walidhani Baba anasema juu ya blanketi!

"Alikuwa anasema juu ya vyote viwili," Mama alisema taratibu.

Bi Nyundo alifungua safu mbili na kuzipanga upya. Kati ya kigae na kigae aliacha nafasi ndogo, unene wa penseli, kwa sababu mbao ikinywa maji huvimba. Nafasi hizo hazikuangukia juu ya zile za safu ya chini. Kila msumari ulifunikwa na kigae cha juu yake. Mwisho akafagia majani makavu.

"Majani hushika unyevu, mbao ikaoza," alisema. "Fagieni kabla ya kila msimu wa mvua."

Siku ya tatu mvua ilishuka mchana, kubwa kweli. Wote wakakaa chumbani, macho kwenye beseni. Redio naye kimya! Beseni lilibaki kavu.

Mama akachukua penseli. "Redio, njoo ukutani." Akampima. "Hujaongezeka hata kidogo."

"Kaongezeka mdomo," Kaka alisema.

"Basi mpime Kaka! Ule mstari wake uliofutika..."

"Huo haurudi," Mama alisema, akachora mpya.

Upepo wa mvua ulipita dirishani. Redio akajikunyata. Kaka akavuta blanketi kitandani, akamtupia mabegani, bila kusema neno. Neno lenyewe walilijua.