Bora kwenye Tuta la Nani?

Mama mkulima alirudi nyumbani na tenga lake likiwa limejaa. Mpishi wa mgahawa, mteja wake mkubwa, alikuwa amelikataa.

“Nyanya zako zina rangi, hazina ladha,” alimwambia. “Mpaka ulete tamu, sinunui tena.”

Mkulima akaenda duka la mbegu. Muuzaji akampangia makopo matatu ya mbegu chotara za nyanya: jekundu, la bluu na la kijani.

“Ipi tamu?”

“Zote bora, mama.”

Zote bora! Ndivyo wauza mbegu walivyowaambia baba zetu walipowatupisha mbegu zao wenyewe. Picha nzuri kwenye kopo, hasara shambani kwako. Sijasahau.

Nyumbani waligawana. Mume alipanda za kopo jekundu karibu na bomba. Mama yake alipanda za kijani ukutani, kivulini. Mkulima alipanda za bluu katikati.

Zikaiva.

“Zangu kama ngumi!” mume alitamba.

“Ngumi hailiwi, mwanangu,” mama yake alimjibu. Zake zilikuwa chache, ndogo kama gololi.

Mkulima alionja hizi, akaonja zile. Asubuhi alisema tamu ni za kopo jekundu. Jioni akasema za bluu. Akatia chumvi, ndipo akapotea kabisa.

“Mbona sielewi kitu?” alilalamika.

Jirani yao, bibi shamba aliyesomea kilimo, akachungulia juu ya ua.

“Utaelewaje, shoga? Hamkushindanisha mbegu. Mmeshindanisha bomba na kivuli!”

“Sasa tufanyeje?”

“Aina zote tatu kwenye kila tuta. Jua sawa, maji sawa, mbolea sawa. Wekeni alama. Angalieni ipi inazaa na ipi inaugua. Kisha onjeni zilizoiva vizuri, bila chumvi, macho mmefumba.”

“Tutumie mbegu za nyanya hizi?” mama mkwe aliuliza.

“Hapana, Mama. Watoto wa chotara hawafanani na mzazi wao. Mtanunua tena.”

“Kumbe ndiyo maana muuzaji anatabasamu tu: anajua tutarudi!”

Msimu uliofuata walifanya hivyo. Ya kopo la bluu iliugua majani. Ya kopo jekundu ilizaa kupita zote. Siku ya kuonja, mume alifumba macho.

“Hii! Hii ndiyo yangu, naapa!”

Akafumbua. Ilikuwa ya kopo la kijani. Mama yake alicheka mpaka akashika ukuta.

“Karibu kivulini, mwanangu.”

Mkulima akapanda matuta ya kijani kwa ajili ya mgahawa, na nyekundu chache za kuuza sokoni. Mpishi aliuma moja akiwa amesimama mlangoni. Akalipokea tenga zima.

Nawe, ukiambiwa zote bora, uliza: bora kwenye tuta la nani?