Barua za Gaspard Kwenye Kikapu

Kifuniko cha birika kiligongagonga kabla ya alfajiri, nikajua Houda ameshaamka. Mjukuu wangu huyu ana miaka kumi na miwili. Alinimiminia chai bila kuambiwa, kisha akasema, "Bibi, leo twende mapema kwa Bibi Jovithe."

Jovithe ni jirani yetu hapa mtaani Musaga, mwalimu mstaafu. Barua pepe za binti yake Ingrid, anayekaa mbali, zilikuwa zinarudishwa kwa sababu sanduku la barua la Jovithe lilikuwa limejaa.

"Nimefuta mpaka kidole kinauma," Jovithe alilalamika. "Bado linasema limejaa!"

Houda akaketi mbele ya kompyuta, akafuta matangazo ya zamani zaidi ya mia tatu. Sanduku likabaki limejaa vilevile. Alifikiri kidogo, halafu akacheka.

"Kumbe! Ukifuta, barua haziondoki kwenye seva. Zinahamia humu, kwenye Corbeille, penye takataka."

Akabonyeza mara moja tu, Corbeille ikawa tupu. Nafasi ikapatikana.

Jovithe alipiga makofi. "We ni fundi kweli! Haya, nifungulie barua za marehemu mume wangu, Gaspard. Nimezitunza humo humo kwenye Corbeille."

"Kwenye Corbeille?"

"Si maana yake kikapu? Kwetu kitu cha thamani kinawekwa kwenye kikapu."

Houda aliitazama Corbeille ile tupu. Angeweza kusema kompyuta imeharibika, na sisi wazee wawili tungeamini.

"Bibi, nimezifuta mimi," alisema. "Sikukuuliza kwanza. Nisamehe."

Jovithe alivua miwani yake. Barua zile hakuna wa kuziandika tena. Kisha akamshika Houda bega. "Usilie. Tumpigie Khaled."

Khaled ndiye anayetunza seva ya chama cha walimu, ambamo barua pepe za Jovithe hukaa.

"Ulibonyeza wapi, na saa ngapi?" aliuliza kwenye simu.

"Palipoandikwa 'Vider la corbeille', pa kumwaga zote. Saa mbili na dakika kumi, asubuhi hii."

"Una hakika haikujifuta yenyewe?"

"Apana, ni mimi."

"Basi usiguse kitu. Seva inashikilia zilizofutwa mpaka saa sita mchana, ndipo inazisafisha kabisa."

Tulisubiri karibu saa nzima. Ghafla barua thelathini na moja za Gaspard zikarudi. Houda akatengeneza folda, akaipa jina la Gaspard, akazihamishia zote humo. Hakufuta barua nyingine yoyote mpaka Jovithe aseme, "Hiyo futa." Mchana, barua ya Ingrid ikaingia.

Khaled alipiga simu tena. "Wengi huniambia imejifuta yenyewe. Natafuta ubovu ambao haupo, na saa sita inapita. Wewe ulisema kweli mapema, ndiyo maana zimepatikana. Ila cha mtu usikifute kabla ya kumwuliza."

"Nimeelewa, Mzee Khaled."

Jovithe alimwomba Houda amsomee barua moja. Aliisikiliza mpaka mwisho huku akifuta miwani yake.

"Zimebaki thelathini, mjukuu," alisema. "Jumamosi ijayo uje tena."