Lossie Ilipanda Ngazi

Hii ilimpata Auntie Kanana, mdogo wa mamangu, nami nilikuwepo. Jumapili mchana, Richardson, pembeni mwa jiji la Dallas, jua la kuyeyusha lami. Tulikuwa tumetoka church, tumekula, nimerudi kwenye kochi lake, mahali mwenye Masters ya jiografia huishi akingoja "we'll get back to you."

Auntie, ambaye ni nurse, akaniita mezani.

"Mwenda, hiyo digrii ifanye kazi leo, hata kama ni ya bure."

"Bure ndiyo rate yangu, Auntie."

Hakucheka. Kitinda mimba wao, Kendi, alikuwa amezama Scotland, alikoenda kutunza wazee. Mto Lossie ulimbeba, mwili haukupatikana. Kwetu, mtu akichukuliwa na maji, ndugu yake huufuata mto ule kuanzia chimbuko hadi baharini, akimwita kila kona, ili arudi apumzike. Lakini kwanza hukiri kwa sauti alichomkosea. Usipokiri, unayemwita huja na kinyongo.

Auntie hangeweza kusafiri, makaratasi ya immigration hayakuwa tayari. So tungeufuata mto kwenye laptop, familia ya Meru ikisikiliza kwa WhatsApp.

"Kanana, anza na makosa," nyanya akasema kwenye simu.

Auntie akaangalia pembeni. Nilijua kwa nini, maana aliwahi kuniambia jikoni, akilia. Jioni aliyozama, Kendi alimpigia. Auntie akaona jina, akaiacha simu iite. Alidhani ni yale malalamiko ya baridi tena. Kesho yake polisi wakapiga simu.

"Sina kosa naye, Mama."

Nikanyamaza. Msomi mzima, domo refu kila siku, siku hiyo ndiyo nikanyamaza.

Tukaanzia vilimani, kwenye nyasi na mboji, mto ukiwa mwembamba kama uzi. "Kendi, twende nyumbani." Ukashuka hadi kijiji kinachoitwa Dallas, walahi. "Kendi, twende nyumbani." Kellas. Halafu Elgin, mji ambao mto huuzungukazunguka kabla ya kuelekea baharini.

Hapo Elgin, AC ikazima. Nyumba ikazidi kuwa baridi.

"Nani amefungua mlango?" nyanya akanong'ona kutoka Meru.

Sisi hatukuwa tumesikia kitu.

Nikageuka. Mlango ulikuwa wazi. Maji ya kahawia yalikuwa yameingia kwenye zulia, mstari mmoja, mwembamba, ukijipinda. Niliutambua. Kando ya kochi, kona za Kellas. Miguu ya meza ilikuwa imezungukwa kama Elgin.

Ulikuwa unasonga.

Ukafika kwenye ngazi. Ukapanda.

Miaka sita nimesomea maji. Maji hushuka.

"Niliiona simu yako, Kendi." Sauti ya Auntie ilikuwa imeisha. "Niliiona. Nikaiacha. Nisamehe."

Maji hayakusimama. Juu, mlango wa chumba cha Auntie ukajifunga taratibu, kama unavyofungwa na mtu asiyetaka kusumbua.

Zulia tumelisafisha, tukalibadilisha hata. Mstari hurudi. Nimeulinganisha na ramani, hakuna kona iliyokosekana. Na pale Lossie inapoingia baharini ni kitandani kwa Auntie, upande wa ukutani.

Amekataa kuhama. Analala upande mwingine, amejikunja, asimguse.

Asubuhi mimi ndiye hutandika. Upande wa ukutani godoro huwa limebonyea, shuka lina mchanga, na ukiweka mkono, baridi yake inakufuata hadi mchana.